Kabla hujanunua beringi ya bei chee kwa mkweche wako, soma hii historia kwanza

Najua mmezoea hapa tunaongelea nani kaachana na nani, nani kanunuliwa gari na nani. Leo pia kuna staa, ni MC mmoja wa harusi, jina kapuni maana bado anakula kwa hiyo kazi. Ila stori siyo ya mapenzi. Ni ya kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho nusura kituzike barabarani.

Iko hivi. Mimi wikiendi namsaidiaga MC kubeba spika na kupanga nyaya. Gari lake ni Corolla 110, toleo la 1998, limechoka lakini linatembea. Jumamosi moja tunaenda Kibaha kwenye sherehe. Mle ndani yupo yeye, shemeji, binti yao wa miaka minne, mimi, na spika mbili kubwa. Tangu Kimara gari linavuma, uuuu, kama ndege inayotaka kuruka. Nikamwambia, "Kaka, huo mlio siyo." Akajibu, "Tairi hizo dogo, zimeisha," akaongeza redio.

Tulipofika Kiluvya usukani ukaanza kutetemeka, halafu ikaja harufu ya kitu kinaungua. Tukasimama pembeni. Tairi la mbele kushoto, rimu ilikuwa ya moto huwezi kugusa. Tukaweka jeki, tairi likawa linacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Malori yanapita, upepo wake unayumbisha gari. Mtoto amelala siti ya nyuma, hana habari.

Kilichokufa ni beringi. Na kilichoniuma zaidi, beringi hiyo ilikuwa mpya. Ilikuwa na wiki saba tu. MC aliinunua kwenye duka moja la spea, boksi linang'aa, jina la kampuni kubwa, kwa Sh 20,000. Duka la jirani walimwambia Sh 75,000 akaona wanamwibia.

Nikajiuliza, hivi kitu kinachofanana kabisa kwa macho kinawezaje kutofautiana bei hivyo? Nimemaliza kidato cha nne, injinia siyo mimi, ila kusoma najua. Nikaingia kuchimba. Kumbe ile tofauti ya Sh 55,000 ina historia ya zaidi ya miaka 200 nyuma yake. Twende sawa.

Kwanza, ndani ya beringi kuna nini

Beringi ina ringi mbili, ya nje na ya ndani. Katikati zinakaa gololi za chuma. Kuna keji, kale kafremu kanakotenganisha gololi zisisuguane zenyewe kwa zenyewe. Kuna grisi, halafu kuna sili pembeni za kuzuia maji na vumbi. Basi. Ringi moja imesimama na gari, nyingine inazunguka na tairi, na uzito wote unapita kwenye zile gololi.

Sisi tuliokulia uswahilini beringi tulizijua kabla ya kujua gari. Ukiokota beringi mbovu gereji unaifunga kwenye ubao, unapata kigari, unashuka nacho mlima kelele mtaa mzima. Ule mlio ndio huo huo uliokuwa kwenye gari la MC. Tofauti ni kwamba kile cha utotoni kilikwenda taratibu, na ukianguka unachubuka goti tu.

1794: wazo lipo, gololi hazipo

Mwaka 1794 huko Wales, mtu wa viwanda vya chuma anaitwa Philip Vaughan, wa mji wa Carmarthen, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la kukokotwa. Ona hapo, motokaa hazijazaliwa bado, lakini jamaa ameshaona kwamba kuviringika ni rahisi kuliko kusuguana.

Wazo lilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kuzipata gololi zenyewe. Hakukuwa na mashine ya kutengeneza gololi nyingi za chuma kigumu zenye duara kamili na zinazolingana. Na kulingana ndio kila kitu. Fikiria mnahamisha sofa zito watu wanane, mmoja ni mrefu kuliko wote. Uzito wote unamwangukia yeye, wengine mmeshika tu kwa sura. Ndani ya beringi ni vilevile. Gololi moja ikiwa kubwa kuliko wenzake hata kwa kitu kidogo usichokiona, inabeba mzigo wa wenzake, inaumia, inavunjika vipande, na vile vipande vinaharibu nyingine zote.

1869: baiskeli zinaleta mzuka

Waliosukuma mambo mbele ni watu wa baiskeli. Mwaka 1869 fundi baiskeli wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya beringi za gololi kwa baiskeli. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo kukawa na mbio za baiskeli kutoka Paris hadi Rouen, zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara mbovu. Mshindi akawa Mwingereza James Moore, na baiskeli yake ilikuwa na beringi za gololi. Kuanzia hapo kila mtu akazitaka.

1883: mashine ya Schweinfurt

Sasa shika huu mwaka. 1883, mji mdogo wa Schweinfurt, Ujerumani, fundi anaitwa Friedrich Fischer akatengeneza mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikatoka duara na zikalingana. Hapo ndipo beringi ilipoacha kuwa wazo zuri ikawa biashara. Kampuni iliyotokana naye ndiyo FAG unayoiona kwenye maboksi mpaka leo.

Unaona Fischer aliuza nini? Gololi zilikuwepo tayari. Yeye aliuza kulingana kwa gololi. Leo gololi za daraja zuri zinatofautiana na duara kamili kwa chini ya sehemu moja kwa 1,000 ya milimita. Jicho halioni, kidole hakisikii. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, na hapo ndipo mtu wa feki anapokata kona, maana anajua huwezi kuona.

1898: shida ya kona

Gololi zilikuwa na shida nyingine. Gari likikata kona, uzito hauji kutoka juu tu, unasukuma na pembeni. Mtengenezaji wa magari ya farasi wa Marekani, Henry Timken, aliliwazia hilo. Mwaka 1898 akapata hataza, pamoja na Reginald Heinzelman, ya beringi yenye rola zenye umbo la koni badala ya gololi. Koni zimelala kwa mshazari, kwa hiyo zinabeba uzito wa juu na ule wa pembeni kwa wakati mmoja. Kama una Hilux ya zamani au Land Cruiser ya zamani, magurudumu yako ya mbele yana mtindo huo mpaka leo.

Miaka tisa baadaye, 1907, huko Gothenburg, Sweden, injinia wa kiwanda cha nguo, Sven Wingquist, alichoka na mashine kuharibika. Udongo ulikuwa ukididimia, jengo linacheza, mashafti yanapinda, beringi zinakufa. Akabuni beringi yenye safu mbili za gololi inayojirekebisha yenyewe shafti ikipinda. Kampuni aliyoianzisha ndiyo SKF. Na SKF hiyo ndiyo iliyozaa Volvo. Jina Volvo kwa Kilatini ni "naviringika", na gari lao la kwanza lilitoka 1927. Yaani kampuni ya beringi ndiyo iliyozaa kampuni ya magari. Nilipoisoma hiyo nikacheka peke yangu kwenye daladala.

1943: watu wanakufa kwa ajili ya beringi

Hii sehemu ilinifanya nikae kimya. Vita vya pili vya dunia, Wamarekani wakapiga hesabu: ndege inataka beringi, kifaru kinataka beringi, lori linataka beringi, na sehemu kubwa ya beringi za Ujerumani zinatoka mji mmoja, Schweinfurt. Wakaamua kuupiga. Tarehe 17 Agosti 1943 walituma ndege kwenda Schweinfurt na Regensburg, ndege 60 hazikurudi. Tarehe 14 Oktoba wakarudi tena Schweinfurt, ndege nyingine 60 zikaanguka. Kila ndege ilibeba watu kama 10. Chini huko raia na wafanyakazi wa viwanda nao wakafa.

Wakati huohuo Sweden, ambayo haikuwa vitani, ilikuwa inauza beringi pande zote mbili. Uingereza ilikuwa ikituma ndege zenye mbio kuzifuata usiku, zinapita juu ya anga la adui. Beringi! Hicho kidude MC alichokinunua kama ananunua maandazi.

Uimara wa ndani usioonekana

Baada ya vita, vita ikahamia kwenye chuma chenyewe. Chuma cha beringi kina kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama asilimia 1.5, kinachomwa na kupozwa kwa utaratibu mpaka kinakuwa kigumu sana. Lakini hata chuma kizuri kikiwa na uchafu mdogo ndani, ufa unaanzia palepale kwenye uchafu, chini ya uso, huku juu panang'aa. Viwanda vikaanza kuyeyusha na kusafisha chuma kwa kutoa hewa na gesi ndani yake, na maisha ya beringi yakarefuka sana.

Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Sweden, Lundberg na Palmgren, wakatoa hesabu inayotumika mpaka leo. Kwa lugha yetu inasema hivi: kwenye beringi ya gololi, ukizidisha mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui nusu, yanabaki sehemu moja kwa nane. Soma tena hiyo. Wewe unayepakia watu saba kwenye gari la watu watano, na spika mbili juu yake, jua unakula nini. (Na mimi nilikuwa mmoja wa hao waliopakiwa.)

Na Japani je? NSK ilianza 1916, NTN mizizi yake ni 1918, Koyo 1921. Ndiyo maana gari lako la Kijapani, lililoletwa kwa meli likiwa limetumika, ukifungua beringi yake ya kwanza kuna uwezekano mkubwa ukute mojawapo ya majina hayo. Iliishi miaka mingi, ikapita Japani na mashimo yetu, ndipo ikachoka. Kisha unaiweka ya wiki saba.

Sasa unachaguaje?

Baada ya Kiluvya nilimpeleka MC kwa fundi mmoja mzee pale Ilala, naye jina kapuni kwa sababu alisema hataki simu za usiku. Alishika ile beringi iliyokufa, akaizungusha, akaangalia boksi, akasema, "Mwanangu, boksi hili ni zuri kuliko beringi." Haya ndiyo tuliyojifunza kwake, na mengine nimeyasoma mwenyewe.

Moja, hakikisha ugonjwa. Mvumo wa beringi unaongezeka gari likiongeza mwendo, na mara nyingi unabadilika ukipinda. Kwenye barabara pana isiyo na watu, ukielekea kushoto kidogo uzito unahamia kulia, mlio ukizidi shuku beringi ya kulia. Ukielekea kulia, shuku ya kushoto. Ukiwa umepiga jeki salama, shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza kuna shida. Tairi zilizolika vibaya nazo zinavuma, kwa hiyo usinunue beringi kwa kuhisi.

Mbili, jua gari lako lina aina gani. Magari ya zamani ya mzigo yana beringi mbili za koni zinazopakwa grisi na kurekebishwa kwa nati. Corolla na wenzake zina beringi moja yenye safu mbili za gololi inayoshindiliwa kwenye chuma. Magari ya baadaye beringi imeungana na habu, unafunga kwa bolti. Kama gari lako lina ABS, uliza kama beringi yake ina upande wenye sumaku wa kusomwa na sensa. Ukiigeuza, taa ya ABS itakuwakia kila siku.

Tatu, soma namba, usisome jina tu. Namba iliyochongwa kwenye ringi ndiyo kitambulisho. Kwa mfano DAC34640037 inasema tundu ni milimita 34, upana wa nje ni 64, unene ni 37. Namba ya kwenye boksi na ya kwenye ringi lazima zifanane. Nenda na beringi ya zamani mkononi.

Nne, boksi la kampuni ya gari siyo lazima. Kampuni nyingi za magari hununua beringi kwa watengenezaji haohao wa beringi. Ukipata ya mtengenezaji wa kweli kwenye boksi lake mwenyewe, kwa muuzaji wa kueleweka, unaweza kupata ubora uleule bila kulipia nembo ya gari.

Tano, ogopa bei ya miujiza. Jina kubwa kwa robo ya bei ya jirani siyo bahati. Kuna feki mpya, na kuna za zamani zilizosafishwa, zikapigwa mhuri na kuwekwa boksi jipya. Maandishi yaliyofifia, herufi zilizopinda, mikwaruzo, kutu iliyofutwa, ondoka. Ila jua feki nzuri zina maboksi mazuri, kwa hiyo jicho halitoshi. Watengenezaji wakubwa wana programu ya simu inaitwa WBA Bearing Authenticator, unapiga picha kodi ya boksi inakwambia kama inatambulika. Haifanyi kazi kwa kila boksi la zamani, lakini muuzaji anayekukatalia usipime, ameshakujibu. Risiti dai, yenye jina la duka na namba ya beringi. Ukiuziwa bandia hapa Bara, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo, na bila risiti utaongea na ukuta.

Sita, beringi ya mtumba usinunue. Injini ya mtumba naelewa, bodi naelewa. Beringi ya kushindiliwa, kuitoa tu kunaweza kuiumiza, maana nguvu inapita kwenye gololi. Na ile iliyotumika huwezi kujua imebakiza nini.

Saba, na hii ndiyo iliyompata MC mara mbili: ufungaji. Mzee alituonyesha alama ndogo ndogo kwenye ringi. "Hii ilipigwa nyundo," akasema. Yaani beringi ilikuwa mbovu, halafu ikafungwa vibaya. Ukiiingiza kwenye chuma chake, unasukuma ringi ya nje. Ukiingiza habu, unaegemeza ringi ya ndani. Ukisukuma ringi isiyo yenyewe, gololi zinachora mashimo kwenye njia yake kabla gari halijatoka gereji. Inatakiwa mashine ya presi, siyo nyundo na patasi. Nati ya mwisho inakazwa kwa kipimo cha gari hilo. Na kwa zile za koni, ringi ya nje na rola zake zinabadilishwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Mwisho, maji. Ukipita Jangwani siku ya mafuriko, maji yamefika kwenye habu ikiwa ya moto, sili iliyochoka inanyonya maji na matope. Hakuna jina la kampuni litakalokuokoa hapo. Subiri maji yashuke.

Hesabu ya MC

Tupige hesabu. Beringi ya kwanza Sh 20,000. Kuvutwa kutoka Kiluvya hadi Ilala. Habu iliungua, ikanunuliwa nyingine. Malipo ya fundi mara mbili. Beringi nzuri, ileile ya Sh 75,000. Na ile kazi ya Kibaha, tulifika kwa bajaji saa tatu usiku, wazazi wa bibi harusi wameshaongoza ratiba wenyewe. Malipo yakakatwa nusu. Nilipojumlisha, zile Sh 55,000 alizookoa zilikuwa zimemgharimu zaidi ya laki nne.

Lakini hilo siyo analolikumbuka. Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi usiku, gari limetulia kimya, akaniambia, "Unajua dogo, mimi siku ile niliongeza redio." Akanyamaza. Binti alikuwa nyuma amelala kama siku ile.

Watu walihangaika tangu 1794 ili usilazimike kufikiria tairi lako litashika au halitashika. Kitu chenyewe hakionekani, kimefichwa nyuma ya rimu, kwa hiyo unachonunua pale dukani ni uaminifu wa watu usiowajua. Nunua kwa wanaoweza kuthibitishwa. Na gari likivuma, zima redio, sikiliza.

Haya, zamu yenu. Nani ameshauziwa beringi feki, na uliijuaje? Andika hapo chini, ila jina la duka liache kapuni, tusije tukapelekana mahakamani.